Johana na Kamera Iliyopinduliwa

"Rebeccah, hiyo kamera sasa utampatia nani?"

Jirani alimwuliza hivyo mke wa Johana mwaka wa 1994, akiwa amesimama mlangoni na sahani ya viazi vya mgonjwa.

Wasikilizaji wapendwa, Bwana asifiwe. Leo tunamkumbuka Johana Kipngetich, mpiga picha wa Sotik. Alitutoka Alhamisi iliyopita baada ya kuugua kifua. Johana, mpiga picha. Wengi wenu mko na kazi yake ukutani, ya ubatizo ama ya arusi.

Jirani hakuuliza kwa ubaya. Mashine ya kukata nyasi ya ng'ombe ilikuwa imechukua mkono wa kulia wa Johana, kuanzia kwenye kifundo. Mkono wa kulia. Na kamera, wasikilizaji, kila kitu chake kiko kulia. Kifungo cha kupiga picha, kulia. Kile kichuma cha kuvuta filamu, kulia. Akijaribu kufikia kwa mkono wa kushoto, picha zinatoka zimetikisika.

Akaenda kwa Makori, fundi wa baiskeli pale sokoni. Makori alimwangalia akihangaika, kisha akasema, "Bwana Johana, aliyetengeneza hii kitu hakukufikiria. Wacha mimi nikufikirie."

Akaipindua. Ndiyo, kamera ilipinduliwa, chini ikawa juu, na kifungo kikaja kushoto, pale kidole gumba kinafika. Makori akakata chuma cha fremu ya baiskeli, akakifunga kwenye kamera kwa skrubu. Akashonea mkanda wa ngozi ya kiatu, wa kuvaliwa na ule mkono uliokatika. Mkono wa kulia ukabeba uzito, wa kushoto ukafanya kazi.

Rebeccah ananiambia, "Miezi miwili alipiga ng'ombe picha, kamera haina filamu. Nikamwambia, Baba Weldon, hata hao ng'ombe wamechoka kusimama vizuri."

Rebeccah, pole sana, mama. Pole kwa watoto na kwa ndugu wote. Mungu awashike. Na wewe unayesikiliza, kama kwako kuna mtu mliyemwondolea kazi yake kwa sababu ya mwili, kaa chini leo umfikirie. Pole nimeitanguliza, kwa sababu nataka tuagane kwa kukumbuka siku moja ya Johana, ile ya kwanza kuitwa kazini tena.

Ilikuwa Desemba, arusi ya Winny, binti ya Mzee Kimeli. Watu wote walikuwa wanaangalia. Johana akikataliwa hapo, nani mwingine angemwita? Walitoka kanisani, wakaja nyumbani kwa mzee, wakajipanga nyasini mbele ya majani chai. Lakini Mzee Kimeli alibaki sebuleni. Na hapa kwetu, picha ya bibi arusi bila babake, watu watasema hakumtoa kwa moyo.

Johana akaingia kumwita. Rebeccah alikuwepo, anamimina chai.

"Mzee, tunakungoja."

"Nyinyi endeleeni. Mimi sipigwi picha miguu juu kama popo."

Akina mama wakacheka. Johana hakucheka, wala hakukasirika. Akavua ule mkanda, akampa mzee kamera.

"Shika mwenyewe. Igeuze vile mimi naigeuza. Sasa niangalie."

Akaenda kusimama karibu na kabati ya vyombo. Mzee akavua kofia, akafumba jicho moja.

"Unaona nini, mzee?"

"Si wewe?"

"Kichwa changu kiko wapi?"

"Juu."

"Na miguu?"

Mzee aliondoa kamera, akamwangalia Johana kwa macho mawili, akairudisha tena kwa jicho.

"Chini," akasema.

"Basi ni kamera imepinduka, mzee. Mtu hajapinduka."

Mzee Kimeli akaiweka kamera polepole kwenye mkono wa kushoto wa Johana. Akavaa kofia, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, akatoka nje, akielekea pale Winny alipokuwa amesimama.