Siku Mto Ulipomsimamisha Dereva Lwitiko

Tarehe 30 Juni 2014, Bwana Lwitiko Andongwisye atakabidhi ufunguo wa gari la wagonjwa la kituo chetu cha afya hapa Mlowo, baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi. Alipoajiriwa mwaka 1986 alipewa Landrova iliyowaka kwa kusukumwa tu, akaibembeleza hadi ikamtii.

Wakongwe wanamkumbuka alivyokuwa mtu wa haraka. Chai aliinywa amesimama, na likizo aliiona kama ugonjwa. Alijivunia kwamba hajawahi kurudisha mgonjwa njiani. Kweli, kutoka huku juu hadi bonde la Momba wapo wengi walio hai leo kwa sababu Lwitiko alikanyaga mafuta bila kuogopa mashimo.

Mimi ninayeandika, muuguzi Stamili, nilikuwa naye siku aliyobadilika. Ilikuwa mwaka 1998, wakati wa mvua za El Nino. Tulikuwa tumemchukua Rozi, mke wa mfugaji Mayala, kutoka bondeni. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake, mtoto hashuki, na nguvu zimemwishia. Mpango wetu ulikuwa kumfikisha hospitali akafanyiwe upasuaji.

Mchana tukafika mtoni. Kivuko cha zege kilikuwa kimefunikwa na maji mekundu. Lwitiko akakunja suruali, akapima maji kwa fimbo pale ukingoni, akarudi kwenye usukani.

"Ni ya magotini, Sista. Shikeni vizuri, tunapita."

Ndipo Rozi, ambaye hakuwa amesema neno tangu tuondoke, akainua kichwa mapajani pa mumewe.

"Baba, zima gari. Nimechoka kutikiswa. Tumwachie Mungu kidogo."

"Tukikaa hapa utakufa, mama."

"Zima tu, baba."

Lwitiko akanigeukia. Akazima. Akashuka, akaketi kwenye nyasi, akajifunika uso kwa kofia. Nikamsikia akiomba kwa Kindali, lugha ya kwao, kisha kimya. Nilidhani analia, kumbe amepitiwa na usingizi, mtu ambaye hatukuwahi kumwona hata akisinzia!

Rozi naye nilimnywesha chai yenye sukari nyingi, nikamlaza ubavu wa kushoto, akalala. Alipoamka uchungu ulirudi, safari hii na nguvu zake. Jua likiwa bado juu, mtoto wa kike alilia ndani ya Landrova, na kilio hicho ndicho kilichomwamsha dereva. Mayala akamwita Kabula, jina ambalo Wasukuma humpa mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua.

Baadaye maji yakapungua, tukaona. Katikati ya kivuko zege halikuwapo. Palikuwa na shimo ambalo lingetumeza sote pamoja na gari. Lwitiko alivua kofia, akalitazama.

"Nilikuwa nimeshatia gia, Sista."

Tukageuza gari, tukawarudisha nyumbani watu watatu badala ya wawili.

Bidii yake haikupungua, ila alijifunza kupumzika. Gari lilipoharibika Nanyala likiwa na mkubwa mmoja, Lwitiko alimwita fundi, akatandika koti kando ya barabara, akajilaza, mkubwa akifoka peke yake. Mwaka 2006 alivunjika mguu wakati kahawa imeiva shambani kwake Hasamba. Tulikwenda kumpa pole, tukamkuta anacheka, majirani wakichuma.

"Mwenye shamba ni Mungu," alituambia. "Mimi msimu huu ni mgonjwa tu."

Mzee Lwitiko, tunakushukuru wewe na Mama Leah, mkeo, aliyetuazima mume wake miaka yote hii. Mungu akujalie siku nyingi na usingizi mtamu. Na popote atakapokusimamisha, akukalishe salama.