Marehemu Hakuwa Mpole

Tarehe tisa mwezi wa tatu, mwaka 1995, nilimpoteza dada yangu Nyasatu. Siku ya mazishi nikampoteza tena, mchana kweupe, mbele ya watu wote. Mara ya kwanza alichukuliwa na malaria iliyompanda kichwani. Mara ya pili alichukuliwa na karatasi.

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mtu anayelia, asifiwe na mtu aliyeshindwa kulia, maana mimi nimekuwa wote wawili.

Naitwa Perusi. Nimesoma mpaka darasa la saba, nikaishia hapo. Vijana wa kanisa letu hapa Buzuruga wameanzisha kikundi cha kuandika hadithi na maigizo, nao wameniomba niwaambie mtu anaanzaje kuandika. Mimi si mwalimu. Nina ushuhuda tu. Nitawaambia jinsi Mungu alivyonitoa katika kifungo cha maneno matamu, na ninyi mtachukua cha kuchukua.

Nyasatu alikuwa mkubwa wangu. Kwetu ni Majita, kando ya ziwa. Aliolewa hukohuko, mumewe akawa anampiga. Siku moja akafunga mtoto mgongoni, akabeba sufuria kichwani, akaja Mwanza kwangu. Akaanza kukaanga samaki pale stendi. Miaka ile viwanda vya minofu vilikuwa vimeanza kufunguliwa kando ya ziwa. Nyama ya sangara ilipanda ndege ikaenda Ulaya, sisi tukabakiwa na mapanki, yaani kichwa na mifupa yake. Watu walinung'unika sana. Nyasatu hakunung'unika. Alisimama nyuma ya karai lake la mafuta, akapaza sauti: "Njooni! Wazungu wamekula mwili, akili ya samaki imebaki hapa kichwani! Wewe shati la mtumba, hebu sogea uongeze akili, naona ya kwako imekuishia!"

Aliwatukana wateja wote, na wote walirudi kesho yake. Kanisani alifika amechelewa, ananuka mafuta, akaimba kuishinda kwaya nzima. Akikukasirikia alikuombea kwa sauti ili usikie. Huyo ndiye dada yangu.

Baba yetu mdogo, Magesa, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo kwa huku mjini, alimfuata pale stendi amrudishe kwa mumewe, kwa sababu ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kuliwa. Nyasatu alikataa. Walirushiana maneno, na inasemekana si maneno tu. Mimi siku hiyo sikuwepo. Baba mdogo aliondoka bila kuaga, na toka hapo jina la Nyasatu halikutajwa nyumbani kwa baba mdogo mpaka dada alipokufa.

Sasa, ndugu zangu, mnajua desturi yetu. Kabla jeneza halijashushwa, husomwa wasifu wa marehemu. Kwetu anayeusoma ni baba mdogo Magesa. Anavaa koti, anatoa karatasi, anasoma kwa sauti ya taratibu. Siku ile alisoma hivi: "Marehemu alikuwa mpole, mnyamavu, mnyenyekevu, mtii kwa wakubwa. Hakuwahi kugombana na mtu. Ameacha pengo lisilozibika."

Maneno hayohayo aliyasoma mwaka uliotangulia tulipomzika shangazi. Alikuwa amebadilisha jina na tarehe tu! Shangazi kweli alikuwa mpole. Lakini Nyasatu?

Mama Kulwa, aliyekuwa anakaanga samaki jirani na dada, alinigusa kiwiko. "Perusi," akaninong'oneza, "tumekosea msiba? Humo ndani kuna nani?"

Kaburi likafukiwa. Baba mdogo akakunja karatasi ile, akanipa. "Mtunzie Tabu," akasema. "Akikua atamjua mama yake."

Tabu ni mtoto wa Nyasatu. Wakati ule alikuwa ndiyo kwanza anasimama dede. Asingekumbuka sauti ya mama yake wala uso wake. Angekuwa na karatasi ile tu. Angekua akijua kwamba mama yake alikuwa mnyamavu aliyewatii wakubwa, na siku akipigwa na mume angesema: mama yangu angevumilia, ngoja na mimi nivumilie. Ndugu zangu, hilo ndilo lililonitesa! Kifo ni cha Mungu, hatuna la kusema. Uongo ule haukuwa wa Mungu.

Sikuweza kulia. Watu walinisifu, wakasema Perusi ana moyo wa jiwe, ameshika msiba kiume. Haukuwa moyo wa jiwe, nilikuwa nimekauka. Nilikaa mkekani nikiangalia mlango. Chakula kilikuwa kama pumba mdomoni. Nilipiga magoti nikaomba: "Bwana, nirudishie dada yangu, yule mwenye matusi. Huyu mpole simjui."

Nikasema nitamwandikia Tabu mimi mwenyewe. Nikaanza. Vijana, sikilizeni hapa. Niliandika: "Ewe kifo, mbona huna huruma? Ua letu limenyauka." Niliandika: "Taa ya nyumba imezimika." Yalikuwa maneno niliyoyasikia redioni kwenye matangazo ya vifo, na mengine kwenye mahubiri. Nilipomaliza nikasoma. Palikuwa na ua, na taa, na pengo. Nyasatu hakuwemo! Nilikuwa nimeandika karatasi ya baba mdogo kwa mara ya pili, nikaiongezea sukari. Nikaichoma jikoni. Nikaandika nyingine, ikawa hivyohivyo. Nikasema, basi, kuandika ni kazi ya waliosoma.

Mtoto lazima ale, kwa hiyo nilikwenda stendi nikashika karai la dada. Sikuwa na mdomo wake. Nilikaanga kimya, na wateja wakala kimya.

Asubuhi moja akaja mpiga debe, mmoja wa wale vijana wanaoita abiria kwenye mabasi. Alikuwa amekwenda Geita kutafuta dhahabu, hakuipata, amerudi. Aliangalia karai, akaniangalia mimi.

"Dada, yule mama mwenye mdomo yuko wapi?"

"Amefariki."

Alivua kofia. Alisimama pale na kichwa cha samaki mkononi, hakula. "Alikuwa ananiita Pua ya Ng'ombe," akasema. "Kila siku. Pua ya Ng'ombe, umelala wapi, umekula nini, mbona macho mekundu? Sasa ni nani ataniita Pua ya Ng'ombe?"

Ndugu zangu, machozi yalikuja! Yalikuja kwa nguvu mpaka watu wakanikimbilia wakidhani nimeungua na mafuta. Nililia mbele ya stendi nzima, huku mwiko uko mkononi. Na katikati ya kilio nilimwona dada yangu. Ua lile sikuliona. Nilimwona yeye, kanga ameifunga kiunoni, anamgeuza samaki kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulivunjwa na mumewe na haukuunga vizuri.

Haleluya! Ile ndiyo saa niliyofunguliwa. Maneno ya redioni yalikuwa na nafasi yake yote, hayakunitoa hata chozi moja. Jina la Pua ya Ng'ombe lilinitoa yote.

Nikaanza upya, palepale stendi, wakati mafuta yanapata moto. Niliandika kwenye karatasi za kufungia samaki zile ambazo hazijaingia mafuta. Niliandika alichosema, jinsi alivyokisema. Niliandika mkono wa kushoto. Nikamsomea Mama Kulwa, akaniambia hapa si hivyo, na hapa umesahau kwamba alikuwa anapiga chafya akikaribia kusema uongo. Kweli! Nilikuwa nimesahau. Habari ya baba mdogo na mahari nilimwuliza pia, akanisimulia kama alivyoiona kutoka kwenye karai lake: Nyasatu alimrushia mwiko. Nikaandika mwiko.

Siku ya kuanua tanga nilimwendea baba mdogo asubuhi, kabla ya watu kujaa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kumsoma dada leo."

"Wasifu ulikwisha somwa. Marehemu hasomwi mara mbili."

"Yule uliyemsoma alikuwa shangazi."

Aliangalia mlangoni kama kuna anayesikia. Halafu akasema, "Umeandika habari ya stendi?"

"Nimeandika."

"Perusi, utaanika ukoo. Mtu akishakufa anafunikwa. Na wewe wa darasa la saba unaandika nini cha kusomwa mbele ya mchungaji?"

Mimi ni mtu wa kunyamaza, wanaonijua wanajua. Lakini siku hiyo nilimwangalia nikasema, "Baba mdogo, ukinikatalia hapa nitasoma stendi. Na kule watu ni wengi zaidi."

Baada ya ibada, wakati wa shukrani, nilisimama bila kuitwa. Sauti ilikataa kidogo, ikaja. Nilisoma: "Dada yangu Nyasatu hakuwa mpole. Alikuja Mwanza na mtoto mgongoni na sufuria kichwani, na mkono mmoja uliovunjika. Hakuwa mnyamavu. Alimwita kila mtu jina ambalo mama yake hakumpa. Hakuwa mtii. Walipokuja kumrudisha alikopigwa, alimrushia baba yetu mdogo mwiko, akarudi kukaanga samaki. Tabu, ukisikia mtu anacheka peke yake pale stendi, mwulize mama yako alimwitaje."

Nikasema moyoni, Perusi, umekwisha. Ndipo Mama Kulwa akacheka. Alicheka kwa nguvu, huku machozi yanamtoka. Akafuata mwingine. Wanawake wa samaki wote wakacheka, wakalia, wakacheka. Msiba wa Nyasatu ulianza siku ile, siku ya kuumaliza!

Halafu baba mdogo Magesa akasimama.

Kicheko kikakatika. Nitawaambia alichosema, lakini kwanza nina neno na ninyi vijana, kwa sababu najua mnachoandika. Nimeziona kazi zenu. Mnaandika matajiri wa Dar es Salaam wenye magari na majumba, kama wale wa kwenye magazeti ya hadithi yaliyojaa mjini siku hizi. Nawauliza, ni nani kati yenu aliyewahi kukaa sebuleni kwa tajiri wa Dar es Salaam? Na yule mama anayekaanga samaki mbele ya nyumba yenu, ni nani amemwandika? Au mnasubiri afe?

Mtaambiwa hamkusoma. Kama ulikuwepo na ulitazama, anza. Mtaambiwa mnaanika watu. Mtu hafunikwi kwa uongo, anazikwa mara ya pili. Ukiandika "mpole", simama ujiulize: nilimwona akifanya nini? Kama hukuona kitu, lifute neno hilo hata kama ni zuri. Hasa kama ni zuri! Usichokiona, mwulize aliyekuwepo, na ukipata nafasi mwulize na wa pili. Halafu soma kwa sauti mbele ya mtu anayeweza kukuambia "si hivyo". Inatisha. Watu huniletea misiba yao niwaandikie, na kila mara nasimama nikiwa nimelowa jasho. Lakini Mungu aliyenipa sauti siku ile hakuninyang'anya tena. Namshukuru! Mtegemeeni huyo. Yeye hakuumba hata mtu mmoja kwa kunakili wasifu wa mwingine. Msiombe maneno makubwa. Ombeni macho, na ombeni kutoogopa wakubwa wenu.

Basi, baba mdogo alisimama. Alivaa koti lilelile. Wazee wakainama, mchungaji akashika Biblia yake vizuri. Mimi nilijua nitalaaniwa, nikajiambia nilaaniwe, Tabu amekwisha pata mama yake.

"Umesema uongo," baba mdogo akasema.

Akanyoosha kidole kwenye karatasi yangu.

"Mbele ya kanisa la Mungu umesoma uongo. Haukuwa mwiko." Akashika shavu lake la kushoto, chini kidogo ya jicho. "Kilikuwa kichwa cha sangara. Na kilikuwa cha moto."

Hakucheka. Hakuna aliyethubutu kucheka. Alibaki amesimama, ananiangalia, anasubiri.

Nikamwomba mchungaji kalamu. Nikaiweka karatasi juu ya goti, nikafuta "mwiko", nikaandika "kichwa cha sangara, cha moto". Nikamsomea tena.

"Sasa hapo sawa," akasema, akakaa.