Pampu Iliyojizima Yenyewe

Kijiwe chetu cha Kitengela, mwaka ule wa kiangazi kikali wa 2000, kilikuwa ubao mmoja juu ya matofali, nje ya kibanda cha kahawa cha Mwihaki, ukitazamana na geti la kisima cha pampu. Pale hukaa Mulwa, tunayemwita Kamusi, kwa kuwa aliwahi kuwa karani na hakuna neno la Kiingereza linalompita bila yeye kulisalimia. Hukaa Wachira, jina la kazi Satelaiti, mshika ufunguo wa pampu, ambaye kila jambo la dunia hii ameshaliona kutoka juu. Mimi hukaa katikati ili wasirukiane. Asubuhi hiyo alikuwapo pia Kasaine, amesimama na fimbo yake, ng'ombe wake wakilamba birika tupu la saruji. Pampu ilikuwa imezima tangu juzi, na ng'ombe hao hawajanywa tangu juzi. Kasaine alitaka kujua jambo moja tu: angoje hapa, au awaswage hadi Kona Baridi, ambako ndugu yake alisema maji yapo, kabla jua halijapanda na wakiwa bado na miguu ya kufika. Swali la dakika moja hilo, lakini alikuwa amelileta kijiweni.

Kasaine: Huyu fundi wa jana alisema nini? Kiingereza yake ilinipita.

Kamusi: Alisema pampu "has disabled itself." Mzee, hiyo si maneno ya mchezo. Haijaharibika. Imejizima yenyewe, na akili yake.

Kasaine: Yenyewe? Bila mtu?

Kamusi: Bila mtu.

Kasaine akavua kofia. Hata mimi mwili ulinisisimka. Chuma, huko chini ya ardhi gizani, kimekaa kikaamua.

Satelaiti: Hiyo ni kidogo. Mzungu ako na maneno ya kuzima vitu kuliko sisi tuko na nyasi.

Kamusi: Ngoja niwapangie. Gari ikizuiwa kutembea, hiyo ni "immobilize." Mkono ukipotea nguvu, "paralyse." Mtu akipigwa hata kusimama hawezi, "incapacitate." Bomu ikitolewa meno, "deactivate." Ukiharibu ya mwenzako makusudi, "sabotage." Na sijafika nusu.

Mwihaki: Woi! Na hao watu wanalala saa ngapi?

Kamusi: Sisi tunasema tu imekufa. Redio imekufa, betri imekufa, ng'ombe imekufa...

Kasaine: Ya ng'ombe wacha.

Nilijaribu kuwaza watu waliokaa chini, kizazi baada ya kizazi, wakiipa kila aina ya kushindwa jina lake. Nikawaogopa, na nikawaheshimu.

Satelaiti: Mimi nawaambia ni sabotage. Kuna mtu Nairobi ako na kifungo. Akibonyeza, Kitengela inazima. Akibonyeza ingine, Kajiado yote, na ofisi zake.

Mwihaki: Na Namanga?

Satelaiti: Namanga inazimwa kutoka Arusha. Hiyo ni makubaliano.

Kamusi: Na hiyo kifungo wewe uliiona?

Satelaiti: Kwani upepo wewe uliiona? Na si inakupeperushia kofia?

Kasaine: Mimi nafikiria kitu ingine. Kuna ng'ombe, ndama yake ikikufa, inafunga maziwa. Maziwa iko, lakini inakataa. Sasa bibi yangu, Mama Simel, anachukua ngozi ya ile ndama, anajaza nyasi, anaisimamisha hapo mbele. Ng'ombe inanusa, inalamba. Inateremsha.

Kamusi aliweka kikombe chini polepole, kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mbinguni.

Kamusi: Mzee. Umemaliza maneno. Pampu imefunga maji!

Satelaiti: Basi tuidanganye.

Kamusi: Fundi aliniambia huko chini kuna kitu inagusa maji. Ikikosa kuyagusa, pampu inajizima, isiungue. Sasa si tuimwagie maji kwa ile paipu nyembamba inashuka mpaka kwa pampu? Iguse, ijue mtoto ako hapa!

Satelaiti: Haba na haba hujaza kibaba!

Methali ilikuwa imepotea njia, lakini hakuna aliyehangaika kuirudisha nyumbani. Maji yaliyobaki kijiweni pote yalikuwa mtungi mmoja wa Mwihaki.

Mwihaki: Hii ni ya kahawa. Ikiisha nafunga kibanda.

Halafu akawatazama wale ng'ombe, akamtazama Kasaine, na akausukuma mtungi kwa mguu hadi kwetu. Nilimpenda sana Mwihaki dakika ile.

Satelaiti akafungua geti. Kamusi akamimina, taratibu, hadi tone la mwisho. Tuliyasikia maji yakishuka, yakishuka, mpaka masikio yetu yakayapoteza. Tukangoja. Kwenye sanduku la swichi taa nyekundu ikazima. Ya kijani ikawaka.

Bomba kubwa likatetemeka chini ya kiganja changu. Walahi lilitetemeka! Kasaine akamtaja Enkai, Mungu wa kwao. Kamusi, mwenye neno la kila kitu, alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Na pale birikani ng'ombe wote waliinua vichwa wakageuka kutazama mdomo wa bomba, kwa maana sauti ile waliijua.

Kisha bomba likatulia. Taa nyekundu ikarudi.

Satelaiti: Imetujua.

Kamusi: Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumeisifu sana. Lakini mzee, umeona? Imekubali! Tupate mtungi ingine, kubwa kidogo. Wewe kaa, tumekaribia.

Kasaine akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa asubuhi hiyo, na jua lilikuwa limeshapita paa la kibanda.

Hapo akafika dada mmoja, Phylis, aliyehamia ploti za nyuma wiki hiyo, na mtungi wake mtupu. Akatusalimia vizuri, akauliza kuna nini. Tukamweleza yote, tukinyang'anyana maneno: disable, kifungo cha Nairobi, ngozi ya ndama, taa ya kijani. Alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

Phylis: Poleni. Kwa hivyo inajizima ikikosa kugusa maji?

Kamusi: Exactly, madam.

Phylis: Kwani huko chini maji iko?

Satelaiti alitazama juu, kituo chake cha kazi, na safari hii hakuona kitu. Mimi nilitazama ardhi kati ya viatu vyangu na kwa mara ya kwanza nikafikiria umbali wa kwenda chini, na ukavu wake wote.

Kasaine alisimama, akavaa kofia.

Kasaine: Ni mbali Kona Baridi.

Akapiga mluzi. Ng'ombe hawakuondoka. Walikuwa wamelisikia bomba, na walibaki wamekaza macho kwenye mdomo wake. Akapiga mluzi tena, kisha akaanza kuwachapa, na mimi miaka yote sikuwahi kumwona Kasaine akimchapa ng'ombe. Tuliokota vijiti tukamsaidia, Kamusi na Satelaiti na mimi, tukawasukuma mmoja mmoja hadi barabarani. Ng'ombe mmoja, mzee mwenye baka jeupe, alikuwa amepiga magoti kando ya birika. Kasaine alimtazama kwa muda. Hakumwita.