Mama Vifaranga, Mwenye Jua Lake

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, tumekuja kumsindikiza mke, mama, bibi na dada ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifaranga. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa kike. Marehemu alionya mapema kwamba asisifiwe kwa upole, kwa sababu hakuwa nao, na mdogo wake aliahidi kutii.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa fundi baiskeli na muuza maziwa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Mama yao alisimulia kwamba mtoto huyu alijifunza kutembea kwa hasira: akishikwa mkono anakaa chini, akiachwa anasimama. Chumvi ikiisha nyumbani, yeye ndiye aliyetumwa kuomba kwa jirani, naye alirudi mikono mitupu akisema jirani hayupo. Jirani alikuwepo. Mdogo wake alikula chakula kisicho na chumvi mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari ya wasichana, na mwaka 1975 akajiunga na chuo cha mifugo kwa kozi ya miaka miwili. Wenzake wengi walitaka ng'ombe. Yeye akachagua kuku, na mkufunzi alipomuuliza sababu, akajibu, "Ng'ombe anataka wachungaji. Kuku namuweza peke yangu."

Alipohitimu mwaka 1977 aliajiriwa katika shamba la kuku la serikali, kitengo cha kutotolesha vifaranga, akafanya kazi huko hadi mwaka 1990 alipoacha na kufungua chumba chake nyuma ya nyumba. Wengi wenu mnakijua chumba kile. Ulivua viatu mlangoni, ukapunguza sauti, ukakutana na joto na harufu ya maganda na dawa. Mashine zilinguruma polepole, naye alipita na tochi akimulika yai moja moja na kuyatenga yasiyo na uhai. Mteja aliyeuliza kuhusu dhamana alijibiwa papo hapo: "Vikifa wiki ya kwanza, nirudie. Vikifa wiki ya pili, umeviua wewe." Wateja walicheka, na walirudi kwa miaka thelathini na tatu.

Ndoa yake ilianzia kwenye mita. Mwaka 1978 kijana msoma mita wa shirika la umeme alibisha hodi, akaomba aingie ndani anywe maji. Marehemu akamwambia, "Mita iko nje. Ndani unatafuta nini?" Mita husomwa mara moja kwa mwezi, lakini mwezi ule ilisomwa mara nne. Walifunga ndoa tarehe 22 Septemba 1979, wakajaliwa binti mmoja. Walipendana na kubishana kwa kiwango kilekile, na ubishi wao mkubwa kuliko yote ulihusu waya uliotoka kwenye nguzo ya mtaa hadi ukutani kwao.

Ulianza mwaka 2008. Mvua kubwa iliangusha nguzo na mtaa ukakaa siku mbili bila umeme. Mashine ilikuwa na mayai mia sita, yamebakiza siku moja tu yaanguliwe. Walileta majiko ya mkaa, wakafunika mashine kwa mablanketi yote ya nyumba hata yale ya wageni. Vifaranga vilikuwa vinalia ndani ya maganda, na marehemu alikaa sakafuni akavisikiliza mpaka viliponyamaza. Aliumia sana. Alipoinuka alisema hatamtegemea tena mtu asiyemjua hata jina.

Akaanza kununua paneli za sola, mbili mbili kadiri mkono ulivyofika, na betri nzito zilizojaza stoo. Mwaka 2010 paa lilipojaa, aliliandikia shirika waje wakate waya. Mume wake alikuwa bado mwajiriwa wa shirika hilohilo. Wenzake ndio waliotumwa, naye akawashikia ngazi huku kainamisha kichwa kama kuku aliyenyeshewa. Ofisini walimwita Msoma Mita Asiye na Mita hadi siku anastaafu.

Maisha ya kujitegemea yalikuwa na sheria zake. Pasi ilikuwa ya saa sita mchana. Siku ya mawingu televisheni ilizimwa, na hakuna aliyethubutu kufungua jokofu bila sababu. Mkwe wao, alipokuja kujitambulisha, aliomba jioni anyooshe shati. Akajibiwa kwamba jua limeshazama, na kwamba binti haolewi na shati. Alipita mbele ya wazee amekunjamana, na leo amekaa mstari wa mbele, kanyoosha shati vizuri. Kutotolesha nako kulikwenda bila hasara. Tangu siku ile waya ulipokatwa, hakupoteza tena mashine nzima ya mayai, na jambo hilo alilisema kwa kila aliyetaka na asiyetaka kusikia.

Lakini betri zikishajaa, na kwa kawaida zilijaa kabla ya adhuhuri, umeme uliozidi haukuwa na pa kwenda. Mzee alipostaafu alipata muda wa kulifikiria jambo hilo kutwa nzima.

"Mama, jua lako linamwagika," alimwambia.

"Limwagike. Ni langu."

Wakati huo shirika lilikuwa limeanza kupokea umeme wa majumbani: unachotoa mchana kinahesabiwa, usiku unachukua kilicho chako, na kinachobaki unalipwa. Mzee alieleza, binti akaeleza, mkwe naye akajaribu. Marehemu alisikiliza wote, akasema yeye hafanyi biashara na watu waliomuulia vifaranga.

Kilichomgeuza ni cherehani. Jirani yao wa ukuta mmoja, mama mmoja fundi cherehani, alikuwa akilalamika kwamba mchana umeme wa mtaa unakuwa dhaifu hadi mashine yake inakwama katikati ya mshono. Mzee akasema, "Ule utakaoutoa hauendi mbali. Utaishia hapo kwa jirani." Siku ya pili marehemu alimuuliza fundi wa sola maswali mawili. La kwanza, waya ukirudi, umeme wa mtaa ukikatika mayai yake yatakuwaje? Akaambiwa betri zitaendelea kulisha mashine, na nyumba itajitenga isimpige shoti mtu aliye juu ya nguzo. La pili, anaweza kutoa bila kuchukua? Fundi alikuna kichwa, akasema hajawahi kuulizwa hivyo, lakini inawezekana.

Waya ulirudishwa mwezi Februari 2018. Kwa zaidi ya miaka mitano alitoa kila mchana wa jua, na cherehani ya jirani ikatembea. Usiku alitumia betri zake, wala hakuchukua chochote. Mzee alimwambia kwamba kutoa ni moyo, ila kukataa kupokea nako ni kiburi. Walinuniana wiki nzima, wakapatana bila yeyote kushindwa.

Mwishoni mwa mwaka 2022 madaktari waligundua kwamba moyo wake umechoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na kutoka kitandani hadi chumba cha mashine ikawa safari. Betri nazo zilikuwa zimezeeka. Mwezi Mei mwaka huu mawingu yalitanda siku nyingi mfululizo, na jioni moja kengele ya mashine ikalia kwamba joto linashuka. Hakuwa na nguvu za kuwasha mkaa. Mume wake alisimama kwenye swichi ya waya wa mtaa na hakuigusa. Mdogo wake alikuwepo na aliona: mzee yule alisubiri kauli ya mkewe, mayai yakipoa.

"Washa, baba," marehemu alisema.

Vifaranga vyote viliokoka. Tangu jioni ile alibadilika. Fundi cherehani alipokuja kumwogesha, hakusema anajiweza. Supu iliyoletwa aliinywa na akaomba chumvi. Mdogo wake alipomtania kwamba amelainika, alimjibu, "Mchana nilitoa. Sasa usiku umeingia, acha nichukue kilicho changu." Aliaga dunia nyumbani kwake asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Agosti 2023, mume wake akiwa amemshika mkono, naye hakuuvuta.

Ameacha mume wake wa karibu miaka arobaini na minne, binti yake muuguzi, mkwe wake, wajukuu wanne, mdogo wake, na mashine tatu zilizojaa mayai ambayo binti yake ameshayageuza leo asubuhi. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi na mtaa wote.

Limebaki neno moja, ambalo alimwagiza mdogo wake alisome mbele yenu. Katika maisha yake, ukiacha ile chumvi ya supu, hakuwahi kumwomba jirani kitu, na hili ndilo ombi lake la kwanza: "Mzee wangu hajui kupika, na akiwa peke yake hali. Jioni mkipakua, mwiteni. Akikataa, mwiteni tena."

Mwenyezi Mungu amlaze dada yetu mahali pema, apumzike kwa amani. Fundi cherehani ameshasema jioni ya leo ni zamu yake.