Dakika Nzima ya Mwalimu Trizah

Tarehe 30 Juni mwaka huu Mwalimu Trizah Ooko anastaafu, baada ya kufundisha uuguzi katika chuo chetu hapa Nakuru kwa miaka thelathini na mmoja. Kamati iliniomba niandike mambo ya kufurahisha. Nitajitahidi, ingawa moyo wangu una lake.

Alianza mwaka wa 1994 akitoka wodini, akakabidhiwa chumba cha mazoezi chenye vitanda vinne na sanamu moja ya mgonjwa. Sanamu hiyo aliibatiza Mzee Muiruri. Mwanafunzi aliyemgeuza Mzee bila kumsalimu kwanza na kumweleza anachotaka kufanya alipata sufuri, hata kama amemgeuza vizuri namna gani. Mimi nilipata sufuri mbili.

Wanaotaka kujiunga nasi huuliza watarajie nini. Watarajie kulala. Siku ya kwanza, sare zao mpya zikiwa bado na mikunjo ya pasi, Mwalimu huwalaza kitandani asubuhi nzima na kuwakataza kuinuka. Hulishwa uji na wenzao, hufutwa midomo, husubiri mtu awapeleke msalani. Ikifika saa sita hakuna anayecheka. Baada ya hapo ndipo huja kutandika vitanda, kusafisha vidonda, kukariri majina ya dawa, na miguu inayowaka moto jioni.

Kisha kuna dakika nzima. Mwalimu Trizah alitaka pumzi za mgonjwa zihesabiwe dakika nzima, saa mkononi, macho kifuani pa mgonjwa. Kila mwanafunzi mvivu anaijua njia ya mkato: andika ishirini. Mtu mzima akipumua mara ishirini kwa dakika, hakuna atakayeuliza.

Mwaka wa 2006 yeye aliuliza. Alichukua chati za wodi tuliyokuwa tukifanyia mazoezi, sisi wanafunzi sita, akakuta wagonjwa kumi na wanane wote wanapumua ishirini, hata mama mmoja wa pumu aliyekuwa akihema mbele ya macho yetu. Alitupanga mstari, akataka ambaye hakuhesabu anyooshe mkono. Aliunyoosha mmoja tu, Wariara, msichana wa Bondeni ambaye wagonjwa walimwita kwa jina kuliko sisi wote. Sheria ya chuo siku hizo haikuwa na huruma: aliyebuni chati alifukuzwa. Wariara alifungasha siku hiyo hiyo.

Jambo hilo halikumtoka Mwalimu. Alipigania sheria hiyo mpaka ikabadilishwa, na tangu 2012 anayekosa hurudia wodi, hafukuzwi. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko vyeti vyote vilivyo ukutani. Mwaka uliofuata alimfuata Wariara Salgaa, alikokuwa akiwapikia madereva wa malori, amwombe arudi darasani. Wariara alimkaribisha chai, akamwambia, "Madam, hakuna shida, mimi nishazoea huku." Mwalimu alitusimulia hayo katika chumba cha walimu, akasema amemwadhibu mtu pekee aliyesema kweli. Nilikuwa tayari mwalimu mwenzake. Nilikoroga chai yangu.

Mwalimu, asante. Kutoka Molo hadi Naivasha kuna wagonjwa wanaosalimiwa kabla ya kugeuzwa, na ni kwa sababu yako. Tunakuombea afya, majirani wema huko Section 58, na sukuma wiki isiyoingiliwa na kuku. Chumba cha mazoezi kitapwaya bila wewe, na Mzee Muiruri hana wa kumtetea tena.

Lakini siwezi kukuaga mkono wangu ukiwa mfukoni. Asubuhi ile ya 2006 nilikuwa na wagonjwa watatu, mama wa pumu akiwa mmoja wao, na sikumhesabu hata mmoja. Uliuliza, nikatazama viatu vyangu. Leo naunyoosha. Nenda ukapumzike salama, na siku ukipita Salgaa, mwambie Wariara hakuwa peke yake.

Kipchirchir, Idara ya Uuguzi