Imakulata Zabron: Kwa Nini Chai ya Msiba Huu Haina Sukari

Wengi mlionja chai ya asubuhi mkatazamana. Sukari haikusahaulika. Ipo jikoni, mifuko imefungwa vilevile ilivyoletwa. Chai imepikwa hivyo kwa agizo la marehemu mwenyewe, na wasifu huu, unaosomwa na kaka yake Rafaeli kwa niaba ya familia, utaeleza sababu.

Imakulata alizaliwa hapa Maramba, wilayani Mkinga, tarehe 8 Desemba 1987, siku ya sikukuu iliyompa jina. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa hayati mzee Zabron, mkata mkonge, na Bi Perpetua, ambaye tunaye hapa.

Alisoma shule ya msingi hapahapa, akamaliza mwaka 2001, na ndiko alikojulikana kuwa mtu asiyesahau. Mwenzake Zuwena alimsingizia kuiba kalamu, akachapwa mbele ya darasa zima. Imakulata akangoja. Siku ya mahafali Zuwena alipovaa sweta lake jipya, mikono yake haikutokeza: mikono ya sweta ilikuwa imeshonwa mwishoni kwa uzi wa rangi ileile, mshono safi kabisa. Zuwena akajua kosa lake, akalikiri palepale huku analia, kisha wakacheka wote wawili. Zuwena amekuwa rafiki yake mpaka juzi alipomfumba macho. Marehemu alikuwa hivyo. Ukikiri, yameisha.

Mkono ule ukawa kazi yake. Alifungua kibanda cha cherehani sokoni, akashona sare za kwaya kutoka hapa mpaka Tongoni. Mwaka 2012 alifunga ndoa na Wilfred, wa familia ya wakulima wa Kilutheri kule Amani, akahamia huko. Walipendana. Wilfred alikuwa na udhaifu mmoja, naye ametupa ruhusa tuutaje: alimwogopa dada yake mkubwa, Ruthi.

Mwaka 2014 Imakulata alipata mimba ya kwanza. Kliniki wakamkuta na kisukari cha mimba, wakamwambia aache sukari, ale dona, mboga za mchunga na dagaa. Alitii. Ruthi hakupenda. Aliona aibu mke wa mdogo wake kupungua na huku ana mimba, watu wakasema ukoo wao unamnyima chakula. Akaja akashika jiko, naye Wilfred hakuthubutu kumkataza; kila asubuhi Ruthi akampikia mkewe uji wa mtama wenye ndimu nyingi.

"Wifi, mbona huu uji una utamu?" Imakulata aliwahi kumuuliza.

"Mtama mpya huo, wifi. Kunywa."

Kliniki sukari ikazidi kupanda. Muuguzi akamgombeza kwamba anadokoa. Akarudi nyumbani analia, akapunguza hata dona, na uji akaendelea kuunywa kwa sababu ndio aliouamini. Mtoto Edgar alizaliwa na karibu kilo tano, kwa shida kubwa, sukari yake mwilini ikaanguka, na siku ya tatu akafariki. Ruthi akapita nyumba kwa nyumba akisema Imakulata amemuua mtoto kwa kula majani. Imakulata aliyaamini maneno yale. Kwa miaka mitatu na ushei aliamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mwanawe.

Mimba ya pili alikuja kuilea hapa kwa mama yake. Safari hii kisukari kilidhibitiwa, na mwaka 2018 akamzaa Precious, mzima, kilo tatu. Kliniki walikuja watafiti wakiomba choo cha akina mama wenye kisukari cha mimba na cha watoto wao. Walimweleza kwamba tumboni mwa kila mtu vinaishi vijidudu vingi vyenye faida, kwamba mtoto hupata vingi vya kwanza kutoka kwa mama yake anapozaliwa na anaponyonya, na kwamba wanataka kujua kama kisukari kinavibadilisha. Imakulata alikubali bila kusita. Alisema kama kuna mama mwingine atakayepona kwa choo cha Precious, basi wachukue hata ndoo.

Siku ya ubatizo Ruthi alikuja. Wageni walipomsifu Precious, akaona anapitwa.

"Huyu mdogo," alisema. "Yule wa kwanza ndiye alikuwa mtoto! Miye ndiye niliyemlisha. Mama yake akijinyima, nikamtilia sukari kwenye uji kila siku pasipo yeye kujua."

"Rudia, wifi," Imakulata alisema.

Ruthi akarudia, tena kwa sauti ya juu. Imakulata akampa Precious bibi yake, akafungua mlango. "Toka kwa mama yangu."

Imakulata aliporudi Amani alikuta habari imemtangulia: anauza choo cha mtoto kwa waganga, nyota ya Precious imekwenda. Wanawake wakaacha kumpokea mtoto mikononi kanisani. Lakini hakujificha. Kila watafiti walipokuja alikipeleka kikopo mchana kweupe, kwenye mfuko unaoonyesha, akapita mbele ya duka la Ruthi, akamsalimia.

Kisukari kilimwacha alipojifungua, kikarudi mwaka 2021 na hakikuondoka. Kiliharibu figo. Padre alipokuja hospitalini Tanga alimsihi amsamehe wifi yake.

"Padre, hajaniomba," alijibu. "Nitamsamehe nini?"

Alifariki tarehe 14 Juni 2025, akiwa na miaka thelathini na saba.

Tangu msiba uanze Ruthi amekuwa akiwaambia watu kwamba atamchukua Precious akamlee, kwa kuwa yeye ndiye shangazi. Wilfred ameomba jibu lake lisomwe kama alivyolisema: "Dada, mwanangu hatakula jikoni kwako. Nilinyamaza mara moja, nikazika." Precious atalelewa hapa, na baba yake amehamia hapa.

Imakulata ameacha mume, Wilfred, binti, Precious, mama, Bi Perpetua, kaka, Rafaeli, na wifi, Ruthi, aliyeketi mstari wa pili.

Ruthi, kikombe chako cha chai hii isiyo na sukari kipo pale mezani, kimefunikwa na kisahani. Marehemu hakuagiza utukanwe. Aliagiza ukinywe chote, kisha useme kwa mdomo wako, mbele ya watu hawa, kwamba Edgar hakuuawa na mama yake. Ukikiri, yameisha. Usipokiri, ujue Precious ameshaanza kujifunza kushona.

Mungu ampe Imakulata pumziko la amani, yeye na Edgar wake.