Robota Mia Nne za Vyandarua

Mchukuzi wa bohari alikuwa amefumba macho ndani ya behewa, lakini hakuwa amelala. Mbele yake seremala mmoja alikuwa akibishana na muuguzi aliyekaa naye siti moja. Hawakuwa wakijuana, jambo ambalo halijawahi kumzuia mtu kubishana.

"Chandarua bure kwa kila nyumba," seremala alisema. "Jirani yangu chake kafunikia miche ya nyanya. Hela hizo si bora wangenunulia dawa?"

"Hata shemeji yangu alifunikia miche," muuguzi akajibu taratibu. "Nilikwenda nikakiondoa mwenyewe, akaninunia wiki nzima. Lakini kaka yangu, mtoto mmoja akizidiwa na malaria anataka damu, dripu na siku tano za kitanda. Gharama hiyo inanunua vyandarua vya nyumba kadhaa. Wodini kwangu watoto walikuwa wanalala watatu kitanda kimoja. Mvua za mwaka huu, vitanda sita viko vitupu."

"Labda mbu wamehama."

"Basi waliowahamisha tunawajua."

Mchukuzi akafumbua macho. "Robota mia nne za vyandarua hivyo nilizipakia kwa bega hili," akasema, ingawa hakuulizwa. "Nilidhani ni mzigo kama mizigo mingine."

Muuguzi akageuka, akampa mkono. "Kumbe tunafanya kazi moja," akamwambia.

Seremala alikuwa na la kujibu, ila treni ilisimama na muuguzi akashuka. Ndipo mchukuzi alipogundua kwamba amepitiliza kituo chake, wala hakujuta.